Pesa Zinazotakiwa Kulala

Eldoret, 19 Januari 2025

Kwako Guka,

Natumai barua hii inakukuta umekaa karibu na moto, maana Mama ananiambia baridi ya Mau Narok mwezi huu si ya mchezo. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea. Mama pia ni mzima. Kibanda chake cha viazi pale sokoni Nakuru kinamlisha, ila analalamika kwamba Jamleck siku hizi anamletea magunia yenye viazi vikubwa juu na vidogo chini. Mwambie huyo dereva wako tumemwona. Cucu mkeo msalimie sana, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo naivaa nikikuandikia.

Najua wewe na simu mliachana tangu wale matapeli wakupigie wakijiita watu wa benki, kwa hivyo narudi kwa kalamu. Mama atampa Jamleck bahasha akishuka na mzigo.

Guka, kuna jambo kubwa. Chuo chetu kina urafiki na chuo kimoja huko Poland, na wanafunzi wawili wa kilimo wamechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja, Oktoba hadi Februari. Mimi ni mmoja wao. Mwenzangu anaitwa Chelagat. Tutasomea mbegu za viazi. Usicheke, najua utasema viazi viko hapo nyuma ya jikoni yako.

Karo tumesamehewa. Lakini ndege, chumba, chakula na visa ni juu yangu, na visa ina sheria ambazo nilizisoma nikadhani nimekosea. Nimekuwekea karatasi yao ndani uone mwenyewe. Wanataka pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, bima, na mdhamini aape mbele ya wakili kwamba atanilipia. Tena huyo mdhamini awe na pesa benki, na ionekane zimelala miezi mitatu bila kuguswa.

Nimefikiria pesa za Baba, zile kampuni ilitoa alipofariki, mkakubaliana na Mama zikae kwa akaunti yako mpaka nizihitaji kwa masomo. Zinatosha na kubaki kidogo. Ubalozini nimepewa tarehe nane Julai, kwa hivyo zilale Aprili, Mei na Juni. Utakubali kuwa mdhamini wangu?

Mjukuu wako,
Natalie Wangui

*

Mau Narok, 9 Februari 2025

Kwa mke wangu mdogo, Wangui,

Hilo la Natalie ni la mama yako, mimi nashika lile la kwetu, la Cucu yako, ndiyo maana wewe ni mke wangu mdogo.

Huku tumeamka. Ng'ombe mweusi amezaa, tena dume, hasara tupu. Goti langu la kulia linanikumbusha umri kila asubuhi. Cucu yako aliposikia habari yako alisema kwa kuwa jina ni moja, wewe ukipanda ndege ni yeye amepanda. Siku tatu akakataa kuchota maji, ati anajiandaa na safari.

Karatasi ya sheria nimeisoma na miwani, kisha nikampa pasta aisome, nisije nikawa nimeota. Haikuwa ndoto. Wangui, pale penye bima pameandikwa ni lazima ilipie kuurudisha mwili nyumbani. Mwili. Nilikaa chini. Bado hujanunua hata soksi za baridi, na watu tayari wanataka tulipie jeneza lako. Cucu yako aliposomewa hicho kipande alinyanyuka akaenda kuchota maji mwenyewe.

Sijamaliza. Mtoto ambaye hajawahi kuiba hata sukari ya nyumbani kwao aende kituo cha polisi achovywe vidole kwenye wino ndipo aandikiwe kwamba si mwizi. Mimi nilidhani mtu huandikiwa akiiba.

Lakini lililonishinda kabisa ni la pesa kulala. Zinalala zinafanya nini? Nilienda benki nikamwuliza yule msichana wa dirishani, zikilala hapa miezi mitatu zitakuwa zimezaa nini. Akaniandikia kwa kijikaratasi. Nilimwuliza kama ananitania. Hata kuku wa Cucu yako angefanya vizuri zaidi.

Hata hivyo wewe ni wangu. Nimeshuka Njoro kwa wakili, nikainua mkono nikaapa kwamba pesa zile ni zako na safari ni yako. Alinitoza kwa kugonga muhuri tu, na muhuri wenyewe umefifia. Nimeapa, na niliyoapa nimeapa.

Guka wako,
Mathenge

*

Eldoret, 16 Machi 2025

Kwako Guka,

Asante sana. Nilipoona huo muhuri uliofifia nililia kidogo, halafu nikacheka kwa sababu ya kuku. Mama anakusalimia. Alikuwa na homa wiki iliyopita lakini amerudi sokoni, huwezi kumshikilia kitandani.

Pasipoti imetoka. Polisi walinichovya vidole, na imeandikwa rasmi kwamba mke wako mdogo si mwizi. Tiketi itakuwa laki moja na kitu kama nikinunua mapema. Chumba ndicho kinanitisha. Kodi ya mwezi mmoja kule ni kodi ya miezi minne hapa, na wanataka malipo ya miezi miwili kabla hujaona hata mlango.

Guka, naomba unisikie kwa hili moja, nitalirudia hata kama utachoka. Kuanzia tarehe moja Aprili hata shilingi isitoke kwenye ile akaunti. Si ya mbolea, si ya daktari wa ng'ombe, si ya kanisa. Wakiona imeshuka, hawatauliza kwa nini, watasema hapana tu. Niandikie neno moja, "sawa", nilale usingizi.

Natalie

*

Mau Narok, 27 Aprili 2025

Kwa mke wangu mdogo,

Barua imechelewa kwa sababu ya mvua. Lori la Jamleck lilikwama matopeni pale mteremkoni, likavutwa na trekta. Lakini ni mvua, Wangui. Sijaona mvua ya kuingia vizuri hivi miaka mingi. Inanyesha usiku, inaacha mchana, kama imepewa maagizo. Udongo ukiushika mkononi unataka kuongea.

Ndama dume ana nguvu. Goti ni lile lile. Cucu yako hanisemeshi tangu Pasaka, lakini hayo ni mambo ya wazee na usimwulize.

Nataka uniambie vizuri, ni Oktoba mwanzoni unasafiri? Hapo watu watakuwa wamevuna na kuuza, sivyo? Kama ni hivyo basi hakuna shida yoyote.

Na hayo ya benki usiniandikie kila barua. Mimi ni mtu mzima. Niliapa.

Guka

*

Eldoret, 18 Mei 2025

Guka,

Sijui niwasalimie vipi. Salamu zipo, lakini nisamehe nikienda moja kwa moja.

Jana Mama alinipigia simu. Jamleck alishuka na magunia kama kawaida, akampongeza. Alimwambia hivi, nami naandika jinsi Mama alivyoniambia: "Mama Nati, kwa kweli mzee amefunga kazi. Ekari nane! Mbegu safi ile ya kununuliwa, mbolea full, si ile ya kubahatisha. Mimi ndio nililima. Agosti utafute store kubwa, ameniambia mzigo wote ni wako na Nati." Mama akamwuliza mzee alitoa wapi pesa za kupanda ekari nane wakati shamba lake ni ekari mbili. Jamleck akaanza kukagua matairi ya lori.

Guka, niambie si kweli. Nilipiga hesabu usiku nikiwa nimekaa sakafuni. Kukodi ekari sita, mbegu, mbolea, dawa, trekta. Kila nikipiga nafika pale pale, kwenye pesa za Baba.

Nimeshtuka mpaka siwezi kukasirika. Ulinijibu kuhusu mvua. Nilikuomba neno moja ukaniandikia kuhusu udongo. Cucu alijua, ndiyo maana hakusemeshi, na mimi nikadhani mmegombana kwa sababu ya ndama.

Zimebaki wiki saba tu kabla ya ubalozi. Mama hajalala. Niambie tu zimebaki ngapi benki.

Natalie

*

Mau Narok, 1 Juni 2025

Wangui,

Zimebaki kidogo sana, usizihesabu.

Sasa unisikize kabla hujararua karatasi. Sikuzila. Sikunywa, sikuoa, sikununua pikipiki. Ziko shambani, naziona kila asubuhi nikitoka, zimechanua maua meupe mpaka kwenye ua wa jirani. Nilipiga hesabu kama mkulima. Unapanda mwisho wa Machi, unavuna Agosti, mtoto anasafiri Oktoba. Pesa zitakuwa zimerudi na zingine juu, za koti zito na za chumba kile cha wizi. Nilitaka nikukabidhi mara mbili. Hivyo ndivyo tumefanya hapa tangu nipate hili shamba. Mwenye pesa mwezi wa tatu akiziacha benki, tunamwuliza kama anaumwa.

Wewe uliniandikia zilale, nami kweli nilielewa ni zisipotee. Sikujua kuna watu duniani wanaweza kukataa pesa kwa sababu zimefanya kazi.

Nimeenda tena kwa wakili yule wa Njoro. Nimeapa kiapo kingine, utakiona humu ndani. Kinasema mimi Mathenge nina ekari nane za viazi vinavyomea vizuri, na vyote ni vya mjukuu wangu Natalie Wangui Mbugua kwa ajili ya masomo yake. Safari hii alibadilisha wino, muhuri unaonekana. Nimeweka na picha. Huyo aliyesimama katikati na koti la kanisani ni mimi, ili wajue urefu wa mimea. Wapelekee. Kama hawaamini, waje. Watalala kwetu, Cucu yako atawapikia hata kama hanisemeshi.

Guka

*

Eldoret, 13 Julai 2025

Guka,

Nilienda. Sikuwa na kitu kingine cha kupeleka, basi nilipeleka viazi vyako.

Yule afisa ni mwanamke wa makamo, hana haraka. Alisoma kiapo chako chote. Alitazama picha, akamwita mwenzake wa chumba cha pili, wakaitazama pamoja. Nilitaka ardhi inimeze. Hawakunicheka, nakwambia ukweli. Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole: "Huyu ndiye mdhamini?" Nikasema ndiye. Akasema, "Naamini viazi vipo. Lakini sheria inataka pesa ziwe benki miezi mitatu. Viazi siwezi kuvisoma kwenye statement ya benki." Akanirudishia kila kitu. Picha yako aliirudisha kwa mikono miwili.

Chelagat anaenda Oktoba. Tulikuwa tumepanga kulipa chumba pamoja, sasa atatafuta mwingine. Mwalimu wangu ameniombea nafasi isogezwe mpaka muhula wa pili, unaoanza mwisho wa Februari. Wamekubali, lakini wamesema ni mara moja tu. Siku ya ubalozi ni tarehe sita Januari. Wakikosa kuona pesa zimelala Oktoba, Novemba na Desemba, nafasi yangu inapewa mtu mwingine na mimi nitabaki kuisimulia.

Halafu kuna hili nimejizuia kulisema. Zile hazikuwa pesa za mkulima mwenye kutafuta faida. Baba alikufa akiwa kazini, na zile pesa ndizo kitu pekee kazi ile ilituachia. Ungeniuliza, Guka. Labda hata ningekubali. Hukuniuliza.

Natalie

*

Mau Narok, 28 Septemba 2025

Kwa Wangui,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu sikutaka kukuandikia tena habari za mvua.

Tumevuna. Ekari mbili za bondeni ziliingiwa na ugonjwa Julai, viazi vikaoza ndani ya udongo, ukichimba unapata uji. Zile sita zilizaa vizuri sana, lakini zilizaa vizuri kwa kila mtu, basi bei ikaanguka. Mama yako alijitahidi, aliuza mpaka sauti ikakauka. Tulipojumlisha zote, hazikufika pale zilipokuwa Machi.

Sasa shtuka mara ya mwisho. Hizo zilizopungua nimezijaza. Nimekodisha shamba langu mwenyewe, ekari zote mbili, mpaka mwisho wa Februari, kwa kijana mmoja anaitwa Kipngetich. Ndama dume naye nimemuuza. Tarehe ishirini na sita pesa zote zimerudi benki, kamili. Kadi na kitambulisho changu nimempa Cucu yako, amevifunga kwenye leso na kuviweka anapojua mimi siwezi kufika kwa goti hili. Siku hiyo ndiyo alinisemesha. Alisema, "Kaa chini."

Kuna jambo sikukuambia Juni. Niliandika mengi ya faida, na faida ilikuwepo, lakini haikuwa yote. Kila nilipoenda benki yule msichana aliniambia, "Mzee, pesa zako bado zimelala." Alilisema vizuri, kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nasikia ni Mbugua baba yako ananiambia amelala. Nilimlaza mwenyewe kwa hii mikono, Wangui, mtoto wangu wa kwanza, na sikuweza kusikia tena kitu chake kimelala. Nilitaka kione jua, kimee. Ndiyo sababu ile mbegu niliipanda mwenyewe, sikuwaachia vibarua.

Ilifaa nikuulize. Hilo umesema kweli.

Mathenge

*

Mau Narok, 23 Novemba 2025

Kwa mke wangu mdogo,

Mvua imenyesha. Majirani wote wanapanda. Kipngetich anapanda shamba langu, tena mistari yake imepinda, na sisemi kitu. Watu wakipita wanaulizana kama nimepooza. Mwingine ameniletea maziwa.

Nimekaa. Pesa sijazishika.

Guka

*

Nakuru, 18 Januari 2026

Kwako Guka,

Nakuandikia kutoka kibandani kwa Mama, nimekalia gunia. Mama ni mzima na anakusalimia kwa sauti, ambayo imerudi. Barua yako ya Novemba ninayo kwenye pasipoti, imekunjwa pale katikati.

Ubalozini nilimkuta yule yule. Alifungua makaratasi moja moja. Kiapo, bima ile ya kuurudisha mwili, cheti kwamba mimi si mwizi. Alipofika kwenye statement alisoma kurasa zote, akarudi ya kwanza, akasoma tena. Nikaona uso wake umebadilika.

Akaniuliza, "Tangu Septemba hakuna kilichoingia wala kutoka. Hata shilingi mia. Huyu mzee anaishi vipi?"

Guka, nilidhani sasa tumekosa kwa kutii. Sikuwa nimejiandaa na swali hilo, kwa hivyo nilimwambia tu ilivyo. Nikamwambia amekodisha shamba, anakula sukumawiki za Cucu, kadi imefungwa kwenye leso, na yeye amekaa.

"Amekaa?"

"Amekaa. Majirani wanadhani anaumwa. Anakungoja wewe."

Akauliza, "Ni yule wa koti la kanisani?" Nikasema ndiye. Hakuniuliza lingine. Visa ilitoka Ijumaa. Nilipoiona nilikaa kwenye ngazi za watu pale nje mpaka askari akaja kuniuliza kama nataka maji.

Naondoka tarehe ishirini na moja Februari. Chelagat anarudi, na amenipangia nichukue kitanda chake kwa chumba walichokodi na msichana wa Uganda, kwa hivyo kodi imeshuka karibu nusu. Mwambie Cucu ajiandae, tunapanda ndege.

Kuna pesa zimebaki. Nimepiga hesabu na Mama mara nyingi, na kweli sizihitaji. Cucu afungue leso, mzitoe. Zinatosha mbegu nzuri ya ekari zako mbili na mbolea yake. Kipngetich anatoka shambani mwisho wa Februari, mvua ikikaribia.

Ni pesa za Baba. Mwaka jana ulizipanda bila kuniuliza, na mwaka huu ni mimi nakuambia. Inuka, Guka. Zipande.

Mke wako mdogo,
Wangui